Mwalimu wa Kuchora na Uso wa Mkewe

Kila asubuhi, kabla hajatazama picha ya mtu yeyote, Mwalimu aliliamkia kundi zima. "Habari za kuamka, wanakundi. Huku Mbeya ukungu umeshuka mpaka barabarani. Nani mgonjwa? Nani kafiwa?" Kundi lenyewe lilikuwa la mtandaoni, la watu wanaotengeneza picha kwa akili mnemba: unaiandikia mashine unachokitaka, nayo inakutolea picha kabla hujamaliza kupiga chafya. Wengi walikuwa vijana wa Dar es Salaam, Morogoro, Mombasa na Nairobi, na walikuja pale kupeana ujanja wa kuiamuru mashine, si kuulizana habari za wagonjwa. Mwanzoni walimcheka. Halafu mmoja akajibu kwamba shangazi yake amelazwa, Mwalimu akampa pole ndefu kama mahubiri, na tangu hapo haikupita asubuhi bila mtu kuleta shida yake. Walimwita Babu. Kila aliyeandika "Shikamoo Babu" alijibiwa marahaba yake peke yake, hata wakiwa wengi namna gani, bando likamwishia, akaja dukani kuninung'unikia mimi.

Mimi alinifundisha kuchora nilipokuwa sekondari Iringa, na sikuwa hodari, jambo ambalo hakuacha kunikumbusha. Sasa nina duka la steshenari hapa mtaa wa Soweto, Mbeya: nachapa, natoa kopi, naskani, napiga picha za pasipoti. Yeye alipostaafu alihamia mtaa huu huu, kwenye nyumba ambayo mkewe, aliyekuwa mwuguzi Mbeya, alikuwa ameijenga polepole wakati mume bado anagombana na wanafunzi Iringa. Jina lake silitaji. Mtaani hakuna aliyelitumia, na nadhani hata yeye angechelewa kuitika mtu akimwita kwa jina lake.

Hakuamini kitu ambacho hawezi kukisahihisha kwa mkono. Alikuwa akiingia dukani amevaa koti lake la sufi, anaweka simu kaunta na kunisalimu kwa Kihehe, "Kamwene, mwanangu. Nichapie hizi." Zilikuwa picha za wenzake wa kwenye kundi: simba aliyevaa suti, mji uliozama baharini, mama anayetwanga. Alikaa kwenye benchi la wateja, akatoa kalamu nyekundu na kuanza kuzungushia makosa. Pembeni aliandika maelezo. "Jua liko kulia na kivuli kiko kulia. Ni dunia gani hii?" "Huyu mama hatwangi, anatoboa kinu." "Vizuri, lakini ng'ombe hakai hivyo, muulize Msukuma yeyote wa Usangu." Mwishoni aliweka alama juu ya mia, akaipiga picha karatasi na kumrudishia mwenyewe mbele ya watu wote.

Aliyepata nusu alikuwa na bahati. Lakini wale vijana walipenda jambo hilo kuliko sifa. Asiyesahihishwa alilalamika: "Babu, yangu hujaiona?" Mwingine aliandika, "Babu kanipa thelathini na nne, leo sili." Kijana wa Morogoro aliyekuwa kiongozi wa kundi, ambaye wote walimwita Admini, siku moja alipata sitini, na wenzake wakampongeza kama mtu aliyefaulu mtihani wa taifa. Nilimwuliza Mwalimu kama anajua kwamba anapoteza wino kusahihisha mashine ambayo haitajua kamwe kwamba imesahihishwa. Akasema mashine haimhusu. "Mimi namsahihisha aliyeituma."

Mashine yenyewe aliichukia, na alisema hivyo kwa yeyote aliyesimama karibu. "Huku si kuchora. Huku ni kuagiza chakula hotelini, halafu ujiite mpishi." Wazee wenzake wa kanisani walikwisha kuichoka hotuba hiyo. Siku moja mchoraji wa kweli, wa brashi na turubai, aliingia kwenye kundi akawatukana vijana, akawaita wezi na wavivu. Maneno yale yale nilikuwa nayasikia kwenye benchi langu kila wiki. Nikasema leo Mwalimu kapata mwenzake. Kumbe Mwalimu alimshukia yule bwana kwa waraka mrefu ajabu, akamwambia mtu mwenye adabu huanza kwa salamu, na kwamba hao ni wanafunzi wake na hawatukanwi na mpita njia. Mchoraji akajitoa kimyakimya. Nilipomwuliza imekuwaje, alinitazama kwa mshangao. "Nikiwakaripia mimi ni malezi. Yeye kawatoa wapi?"

Ndivyo alivyokuwa hata darasani. Alikuwa mkali kama pilipili kichaa, na mwalimu mwingine akitugusa alikuja juu. Kifutio hakikuruhusiwa kwake. Alikusanya vifutio vyetu mlangoni kwenye kopo la maziwa ya unga, akatuambia tuishi na makosa yetu kama watu wazima. Aliweka birika mezani, akatuambia tulichore, kisha akapita nyuma yetu akigonga madaftari kwa kidole. "Mkono wa birika umeuona wapi? Kutoka hapo ulipo hauonekani. Unachora unachokijua. Mimi nimesema uchore unachokiona." Somo lake zima lilikuwa hilo, miaka yote. Tuliondoka Iringa hatujui kuchora, ila tunajua kutazama, na mpaka leo nikipiga picha ya pasipoti najua mtu alilia asubuhi hiyo.

Mkewe nilimjua vizuri. Alikuwa mama mrefu wa sweta na viatu vya mpira, anapita dukani akienda zamu, anaingia kupasha mikono kwenye mashine yangu ya kopi na kusema huo ndio mshahara wangu kwake kwa sindano alizonichomea wanangu. Kitu kimoja hakukitaka: kupigwa picha. Akiona simu imeinuliwa anakumbuka ameacha kitu jikoni. Kwenye harusi za watu yeye ndiye mgongo unaoondoka. Mumewe naye, aliyechora wazee wa Kalenga, wakuu wa shule, hata mbwa wa jirani, hakuwahi kumchora. "Hatulii," alisema. "Kumchora huyu ni kuchora upepo." Mama alicheka na kumwambia mtu mwenye kazi ya kufanya hawezi kutulia. Kila mmoja alidhani muda upo.

Aliugua ghafla, akafa, akazikwa Kalenga, Iringa, kwa kina mumewe. Ilikuwapo picha moja tu nzuri, ya studio, iliyopigwa kwa ajili ya kazi, ambapo hakuwa na pa kukimbilia. Kwetu picha ya marehemu huwekwa msalabani, kwenye fremu au kwenye nailoni, ili mgeni anayefika ajue amelala nani. Watoto wa kaka yake Mwalimu walimwambia picha hiyo ichukuliwe kopi kwanza, kopi ndiyo iende kaburini. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na nilimsikia akiwajibu. "Mke wangu hawezi kuwekewa kopi." Alisema kwa sauti ya darasani, ikawa basi. Mtu aliyeona kosa katika kila kivuli cha dunia hii hakuona hilo. Aliifunga mwenyewe kwenye nailoni, kwa uangalifu mkubwa, akaigongomelea.

Unajua mvua za huku. Aliporudi Kalenga kusafisha kaburi, maji yalikwisha kuingia. Aliniletea picha ile imekunjwa kwenye leso safi. Niliiskani, nikaongeza rangi, nikapunguza, nikaongeza tena, yeye amesimama nyuma yangu. Kilichoonekana kilikuwa kola ya sweta na doa la hudhurungi kama chai iliyomwagika kitambaani. Nikamwambia, "Mwalimu, hapa hakuna kitu." Akasema ahsante, akaikunja tena leso yake.

Basi akajaribu kumchora. Wiki nyingi alijaribu. Nilimpelekea karatasi nzuri, nikamkuta mezani penseli imechongwa na karatasi nyeupe. Ndipo nilipoelewa alichojifanyia. Mkono ule haukujua kuchora kisichokuwapo mbele yake. Aliufundisha hivyo maisha yake yote. Aliniambia, "Nikifumba macho namwona. Nikifumbua kutafuta karatasi, kaondoka."

Hiyo ndiyo sababu iliyomwingiza kwenye lile kundi, na kwa muda mrefu hakuna aliyeijua isipokuwa mimi. Alisikia redioni kwamba kuna mashine inayochora unachokieleza. Akanunua simu janja, akaniomba nimwoneshe pa kubonyeza. Yale mambo ya kuwasahihisha watoto wa watu yalikuja baadaye, nadhani kwa aibu, kwa sababu mtu aliyekula chumvi nyingi hawezi kuingia kwa watu na kuomba tu.

Alipowaambia hatimaye, wale vijana waliacha shughuli zao zote. Sijaona watu wasiojuana wakihangaikia jambo namna ile. Admini alikuwa anampigia simu kabisa, anamwuliza maswali kama polisi mpole: paji la uso, masikio, nywele. Tatizo lilikuwa mashine. Ukiiambia mwanamke wa Iringa, inakupa mwanamke mwenye shanga mpaka masikioni, nyuma yake nyumba ya nyasi na jua linatua. Ukiiambia mwuguzi, inakupa msichana wa tangazo la sabuni. "Iambieni ni mama wa sweta!" Mwalimu aliandika kwa herufi kubwa. Ikamletea mama wa sweta, mwenye shanga. Kundi zima lilicheka, yeye naye akacheka, na siku hiyo nilidhani hakuna ubaya wowote katika jambo hili.

Nilimchapia nyuso zile zote. Alikata macho ya huyu, kidevu cha yule, mdomo wa mwingine, akayabandika kwa gundi kwenye kaunta yangu, nikaskani, akawatumia, wakamrudishia mpya, tukaanza tena. Wateja walikuja kutoa kopi za vyeti wakakuta pua zimejaa kaunta. Alikuwa mchangamfu kipindi hicho. Alinyoa ndevu, alikula, alirudi kwenye kwaya. Mchungaji alinishukuru mimi, kana kwamba nimempa dawa.

Lakini mimi nilikuwa nasikiliza. Mwanzoni alisema pua yake ilikuwa pana kidogo. Baadaye nikamsikia akimwambia Admini ilikuwa nyembamba. Mwanzoni alikuwa na kishimo shavu moja, kisha mashavu mawili. Nikamwambia, "Mwalimu, ulisema pua pana." Akajibu bila kuinua kichwa, "Nilikosea." Hakuwa mzee aliyepoteza kumbukumbu, mtu asidhani hivyo. Majina ya darasa letu aliyataja kwa mpangilio wa madawati. Alijua nani aliiba vifutio kwenye kopo. Kilichokuwa kinaliwa ni kimoja tu. Kila uso nilioutoa kwenye mashine yangu ukiwa bado na joto, aliutazama kwa ile bidii yake yote ya kutazama, na kila alipoutazama, ule wa ndani ulisogea kidogo kuupisha.

Siku aliyompata, aliniita nyumbani. Alikuwa amekwisha kumtia kwenye fremu kubwa, juu ya kiti ambacho mama alikuwa akikalia kuchambua mchele. Kundi lote lilikuwa linashangilia simuni, mioyo na makofi. Mwalimu alisimama pembeni ya fremu, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayengoja alama.

Alikuwa mwanamke mzuri sana. Macho yamelingana, tabasamu limepimwa, sweta la kijani. Sijawahi kumwona maishani mwangu.

"Anapendeza," nilisema.

"Sikuulizi kama anapendeza."

"Mwalimu, siye."

Hakunifokea. Laiti angenifokea. Aliniuliza tu, polepole, "Wewe ulimwona mara ngapi, mwanangu? Akipita dirishani? Mimi nimekuwa mumewe tangu hujazaliwa." Kisha akanifungulia mlango. Kuanzia hapo alichapia kwenye duka jingine, kule karibu na stendi, na tukikutana njiani aliitika shikamoo yangu na kupita. Niliendelea kubaki kwenye kundi, nimenyamaza. Kila asubuhi nilisoma salamu zake, za ukungu na za wagonjwa.

Muda ukapita. Siku moja, msimu wa baridi kali, aliingia dukani mama mmoja wa makamo na mkoba wa safari. Alikuwa mdogo wake marehemu, anayeishi Idodi, kule njia ya kwenda mbugani. Simu yake ni ya tochi, mambo ya makundi hayajui. Msibani kwa ndugu ndipo aliposikia kwamba shemeji yake anahangaika kutafuta picha ya dada. "Si wangeniambia!" alisema. "Mimi ninayo. Nimekaa nayo miaka yote sandukuni." Akafungua Biblia akaitoa.

Ilikuwa picha ya kipaimara chake, yeye akiwa msichana wa gauni jeupe, na pembeni yake dada yake kamshika bega. Pengine ndiyo sababu hakukimbia: alikuwa ameshika mtu. Nilipoiona nusura niseme shikamoo. Jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, pua ile pana, mdomo wa mtu aliyeitwa akiwa katikati ya kazi. Nilimkumbatia yule mama juu ya kaunta. Nikaiskani, nikaikuza, nikafunga duka mchana kweupe, tukaenda kwa miguu na sote tulikuwa tunacheka.

Mwalimu alitupokea vizuri, hata mimi. Alifurahi kumwona shemeji yake, akamwuliza mvua na mpunga. Mwalimu alipoingia jikoni kutenga chai, yule mama aliinua macho kwenye fremu akaninong'oneza, "Huyu ndiye mama mchungaji wenu?"

Kabla sijajibu Mwalimu akarudi, tukampa picha, ile halisi na ile niliyoikuza. Alivaa miwani, akazipeleka dirishani kwenye mwanga. Alizitazama sana. Alitazama kama alivyotufundisha, pembe kwa pembe, na mimi nikajisemea sasa, sasa anamwona.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Shemeji yake alicheka. "Acha utani, shemeji. Si dada huyo."

"Nani kakutengenezea?"

"Kanitengenezea nini? Picha ya kipaimara changu hii. Mimi huyo wa gauni."

"Wewe nakuona, wala hujabadilika." Alikaa karibu naye, akamwekea picha gotini, akamwonesha kwa ncha ya kidole, taratibu, bila dharau hata kidogo. "Lakini huyu waliyemweka pembeni yako siye. Kwa mashine hiyo wanaweza kumpachika mtu yeyote popote. Tazama, macho hayalingani. Inakosea sana macho. Na pua hii siyo yake. Aliyekutengenezea hakumjua dada yako."

Yule mama alinigeukia. Nikasema, "Mwalimu, hakuna aliyeitengeneza. Hiyo imepigwa kabla mashine hizo hazijakuwapo. Mimi nilimjua mama, ndiye huyo." Alinitazama kwa upole wa mwalimu aliyekwisha kukata tamaa na mwanafunzi wake, akarudisha macho kwa mgeni.

Mgeni alikuwa analia. Alilia bila sauti, kanga mdomoni, akimtazama dada yake magotini mwake. Mwalimu akamsogezea kikombe. "Usilie, shemeji. Siku hizi wanadanganywa hata wenye shule zao. Hukufanya kosa, ulikuwa na nia njema." Akampapasa bega mpaka akatulia, na naapa alikuwa na huzuni ya kweli kwa ajili yake.

Tulipoinuka kuaga, aliingia chumbani akatoka na bahasha. Ndani mlikuwa na yule wa kwenye fremu, mdogo, amechapwa kwenye karatasi nzuri. Alikuwa na nyingi za kugawia ndugu.

"Nenda naye huyu Idodi," alisema. "Uwaoneshe watoto, wasije wakasahau mama yao mkubwa alikuwaje."

Yule mama alinitazama. Nikatazama chini, kwa sababu yeye alikuwa mgeni, nyumbani kwa mume wa dada yake, na kitu anachopewa hapo hakikataliwi. Akajifuta uso, akapiga goti kidogo, akaipokea bahasha kwa mikono miwili.

"Ahsante, shemeji," alisema. "Nitawaonesha."